Hesabu Hadi Nne

Jumatatu, 17 Machi 2008

Mvua bado. Kimaiyo amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nakamua. Kwao Minesota ilikuwa bado Jumapili usiku. "Mama," akasema, "Cheruto ni mjamzito. Mtoto ni mwisho wa Mei." Niliruka, ng'ombe akashtuka, akapiga ndoo teke, maziwa yote chini. Sikumgombeza. Nilibaki nacheka peke yangu zizini.

Kimaiyo ni mwanangu wa pekee, Cheruto ni mkewe, na huu ni mwaka wa tano yuko huko. Alipelekwa na mbio, magoti yakamkatalia, sasa anaosha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee. Baba yake alipofariki mwaka wa 2005 hakuja kuzika. Ni makaratasi, angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Sijamlaumu kwa mdomo. Moyoni ni mambo mengine.

Nimefundisha hesabu hapa Mau Narok miaka thelathini na moja, nikastaafu na rundo la madaftari ya miraba. Nitaandika humu mpaka mtoto afike.

Alhamisi, 20 Machi

Chepkemoi amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na maneno yake. Ni dada ya marehemu mume wangu, na ndiye mwanamke mkubwa wa ukoo sasa. Sote tunamwita Senge, yaani shangazi, hata sisi tunaokaribia umri wake.

Kwetu mtoto hapewi jina, analichagua. Wanawake wa upande wa baba humweka mbele yao wakawaita waliokufa, mmoja mmoja, kuanzia wa zamani. Akipiga chafya, basi aliyeitwa ndiye amerudi.

"Tutawaita kwa simu," nikamwambia.

"Simu? Chelagat, mimi niwaite wazee kwa simu kama naagiza mbolea? Kama simwoni mtoto, siiti. Wampe jina la kitabuni, wamwite Jason."

"Kuna kompyuta ziko na kamera. Unamwona mtu akiwa huko huko."

"Basi nunua hiyo. Si wewe ndiye ulisoma?"

Alivyosema hilo neno "ulisoma" ni vile tu baba yake alivyokuwa akilisema. Mzee Kiptum, baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu alificha sanduku langu kwenye banda la mbuzi siku tatu. Aliniita "mke wa kalamu" mpaka siku ya kufa kwake.

Nitaandika ukweli hapa maana hakuna anayesoma. Namtaka Kiprugut. Namtaka mume wangu arudi, hata kama ni jina tu, nilisikie likiitwa tena bomani. Tangu tumzike hakuna anayelitamka. Wote wanasema "marehemu". Nimechoka na marehemu.

Jumapili, 23 Machi

Pasaka. Mvua imeanza tukiwa kanisani. Mhubiri hakusikika, mabati yalimshinda.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeteremka Nakuru na pesa ya ndama niliyemuuza. Duka ni la Nimesh, mtoto wa yule Mohanlal aliyekuwa akiuza redio zamani. Niliingia nimekaza mkoba kwapani. Nilijiambia, Chelagat, angalia, leo usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

"Karibu Mama. Unakaa wapi?"

"Mau Narok."

"Stima iko?"

"Iko, ikitaka."

"Na network ya simu? Inashika ndani ya nyumba ama mpaka utoke nje?"

"Boss, mimi nimekuja kununua kompyuta, sijaja kuposwa."

Akacheka sana, lakini maswali hakuacha. Laini ya simu ya waya? Nikamwambia waya ziliibwa zote, zimebaki nguzo. Dishi la kuweka juu ya paa? Alitaja bei yake, nikamwambia kwa hiyo nanunua trekta. Basi ikabaki modemu, kakijiti ka kuchomeka kwenye kompyuta, kanakula laini ya simu ya mkononi.

"Lakini Mama, kwanza network, kompyuta baadaye. Rudi nyumbani, tembea na simu yako kila mahali, ujue inashika wapi vizuri. Halafu ndio uje uchague. Pengine utahitaji laptop, hii ya kubebwa."

Niliona ananidharau. Mimi, niliyefundisha nusu ya askari na makarani wa wilaya hii, natumwa nyumbani kama mtoto aliyesahau kalamu! Na moyo wangu ulikuwa umeshaenda kwa ile kubwa, yenye kioo kama televisheni. Senge haoni vizuri. Na nilitaka kitu kizito, cha kukaa sebuleni chini ya picha ya Kiprugut.

"Nataka hiyo," nikasema. Nimesh akainua mikono.

Mwanamume aliyetoka nyuma na maboksi alikuwa Naftaly. Nilimfundisha darasa la sita. Sasa ana watoto watatu. Mpaka Desemba alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale senta, na nyumba nyuma ya kanisa. Vijana wetu waliichoma Januari, katika vurugu za uchaguzi, kwa kuwa yeye si wa kabila letu. Sikujua alikwenda wapi. Sikuuliza pia.

"Mwalimu! Habari ya siku mingi?"

"Nzuri, Naftaly. Watoto?"

"Wako. Tuko showground, kwa hema. Sasa hii mvua ndio imetupata."

Nikasema pole. Ni neno dogo, na mdomoni mwangu lilitoka dogo zaidi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kompyuta inawaka. Ina picha ya milima mizuri ya kwa watu. Intaneti, hapana. Nimechomeka modemu, nimechomoa, nimeomba. Hapana.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa nimefanya vile Nimesh alisema siku ile nikakataa. Nimetembea na simu sebuleni, jikoni, chumbani, chooni, zizini. Imeshika vizuri mahali pamoja tu: stoo ya viazi, juu kule mteremkoni. Stima haifiki huko. Senge amecheka mpaka akaketi kwenye majani.

Jumanne, 15 Aprili

Stima imepotea siku ya nne. Kuku ametaga nyuma ya kompyuta.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi Nakuru na boksi langu, na njia nzima nilikuwa nikitayarisha maneno makali ya kumjibu Nimesh atakaponicheka. Hakunicheka. "Stoo ya viazi," akarudia polepole, kama daktari. "Sawa. Hiyo ni laptop na betri mzuri." Akairudisha ile kubwa, akaniletea laptop iliyotumika, nyeusi, imekwaruzwa mgongoni. Inakaa saa mbili bila stima.

Halafu akasema tujaribu kamera. Akapiga, na kwenye kioo akatokea mama mzee wa Kihindi amevaa sweta mbili. Ni mama yake, anakaa na ndugu yake Leicester, Uingereza. Kumbe kila kompyuta Nimesh anayouza humjaribia yeye.

"Hii ya tatu leo," akaninong'oneza. "Amechoka na mimi."

Hakuonekana amechoka. Aliniangalia akaniuliza kwa Kiswahili cha hapa hapa, "Mama, mvua iko Nakuru?"

"Iko, Mama. Inanyesha sasa hivi."

"Nimesh, peleka mimi mlango."

Nimesh akainyanyua kompyuta kwa mikono miwili akasimama nayo mlangoni, uso wa mama yake ukitazama barabara. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka la mkabala. Mama alifunga macho akasikiliza. Wateja wawili walingoja na hakuna aliyelalamika. Nilimkosea huyu Nimesh mwanzoni, naandika hapa ili nisisahau.

Nilipokuwa nikitoka, Nimesh akasema modemu itahitaji fundi wa kuiweka sawa, na fundi wake ni Naftaly. Naftaly akaacha kufunga boksi langu.

"Nitapanda Mau Narok, Mwalimu. Lakini mchana, na unipokee wewe mwenyewe kwa stage. Tutembee pamoja."

"Nitakupokea."

Jumamosi, 3 Mei

Naftaly amekuja. Nilimpokea stendi na mwavuli na tukapita senta polepole, bega kwa bega. Watu walisalimia. Wengine waliingia ndani ya maduka yao.

Stooni aliketi juu ya gunia la viazi, laptop kwenye gunia la pili. Alibonyeza, akatoka nje, akafunga modemu juu ya mpini wa ufagio kwa waya mrefu, akarudi. Saa tisa na dakika kumi mwanangu akatokea kwenye kioo.

Amenenepa. Nywele zimerudi nyuma kama za baba yake. Nilisema jina lake na hakujibu, alikuwa ananiangalia tu, nikaogopa. Kisha akasema, "Mama!" nikaanza kuongea, naye akawa anaongea, tukagongana maneno.

"Mwalimu, ngoja," Naftaly akasema. "Kwa hii laini, sauti yako inaenda polepole na yake inarudi polepole. Ukisema kitu, hesabu mpaka nne. Jibu likija, ni la kile ulisema hapo nyuma, si la sasa."

Nikatoa saa ya mkononi nikapima mara kumi. Nne, nne, nne na nusu, nne. Fundi anajua kazi yake. Baada ya hapo niliongea na Kimaiyo vizuri, nikihesabu kwa vidole chini ya leso. Zile nafasi za nne nne zilikuwa ngumu. Ndani yake nilikuwa namwangalia tu, na niliona ana hamu nami kuliko anavyosema kwa simu.

Wakati wa kurudi Naftaly akaomba tupite kwake. Imebaki sakafu ya simiti na fremu ya mlango, na thafai, yale majani ya kuwasha, zimeota pale palipokuwa jikoni. Alisimama ndani ya fremu kana kwamba anangoja kukaribishwa.

"Nilisikia siku ile," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema. "Nilisikia kelele, nikafunga dirisha. Sikutoka, sikuita mtu."

"Najua, Mwalimu. Niliona taa yako ikizimwa."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Nilimsindikiza mpaka gari likaondoka.

Jumatano, 14 Mei

Palizi. Mgongo umekataa.

Alhamisi, 29 Mei

Amezaliwa! Mvulana! Cheruto mzima. Kimaiyo alikuwa analia kwenye simu, mimi nikamwambia nyamaza, na mimi nalia.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua kubwa. Network hakuna.

Jumapili, 1 Juni

Network hakuna. Senge amekuja mara mbili. "Mtoto siku tatu hana jina!"

Jumatano, 4 Juni

Network imerudi, stima imeenda. Senge anasema mimi na mashine yangu tutajibu siku ya mwisho. Cheruto amesema hospitali inataka jina la kuandika kwenye karatasi, na wanataka wiki hii.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika yote.

Stima ilirudi saa nane, laptop ikapata nusu ya betri tu. Saa kumi tulikuwa stooni, kwao saa mbili asubuhi. Senge aliketi mbele juu ya gunia, amevaa shanga za mama yake, na nyuma yake wanawake watatu wa ukoo. Nilishamfundisha: "Senge, ukiita jina, pumzika. Sauti inachelewa. Hesabu nne ndipo uite lingine." Akasema, "Usinifundishe kuita watu wangu." Lakini alisikia.

Mtoto akatokea kwenye kioo, mdogo, mwekundu, amekunja uso. Wanawake wote wakasogea. Jepkorir, anayemfuata Senge kwa umri, alishika kioo kwa kidole akakivuta haraka, akaogopa atamwamsha.

"Uko wapi ugoro wa kumpigisha chafya?" Senge akauliza.

Nne. "Senge, hakuna ugoro," Cheruto akajibu. "Na mtoto ana siku tisa!"

"Basi tumia kitu! Hao wazee waingie kwa mlango upi?"

Kwa kunung'unika Cheruto akasokota ncha ya tishu akaigusisha puani mwa mtoto. Senge akaanza. Aliita wa zamani, watu ambao hata Kiprugut hakuwaona. Jina, kimya, jina, kimya. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akapiga mwayo. Jina, kimya. Niliona alama ya betri imekuwa nyekundu.

"Haraka, Senge," nikasema. Ni mimi niliyesema. "Inazimika."

Akaharakisha. Babu yao. Ndugu wa babu. Kisha "Kiptum!" na bila kufikisha nne, "Kiprugut!"

Na chafya ikaja. Ndogo, kali, kama ya paka.

Ee Mungu wangu! Wanawake walipiga vigelegele mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Senge alinikumbatia, yeye ambaye hajanikumbatia tangu niolewe. "Kiprugut amerudi! Kaka yangu amerudi!" Jina hilo, kwa sauti, mara kumi, mara ishirini, katika boma langu. Nilifunika uso nikacheka na kulia. Kwenye kioo Kimaiyo alikuwa ananiangalia, amefungua mdomo anataka kusema kitu, na kioo kikawa cheusi.

Jumapili, 8 Juni

Wamechinja mbuzi. Kiprugut, Kiprugut, kila mtu. Sikula.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Toka "Kiprugut" mpaka chafya ilikuwa sekunde moja, labda mbili. Chafya haiwezi kuja kwa sekunde mbili. Inachukua nne. Ukirudi nyuma nne, unamkuta Kiptum.

Pengine network ilikuwa nzuri siku hiyo. Pengine. Hata mtoto wa darasa la nne asingeniandikia jibu hilo.

Jumatatu, 9 Juni

Hakuna anayejua ila mimi. Nani anaumia? Mzee yule aliyeficha sanduku langu, hata kungoja kidogo hakuweza! Alikuja mbio kumpita mwanawe mlangoni.

Namtaka Kiprugut. Namtaka, namtaka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeshanyamaza mara moja mwaka huu.

Jumatano, 11 Juni

Nimebeba laptop stooni peke yangu, betri imejaa. Kimaiyo akatokea na mtoto begani.

"Mwanangu, sikiliza. Nilihesabu. Jina si la baba yako. Alipopiga chafya kwenu ilikuwa zamu ya mzee Kiptum."

Moja, mbili, tatu, nne. Tano. Sita. Nilifikiri laini imekatika. Alikuwa amekaa tu, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Najua, Mama. Sisi huku tulisikia 'Kiptum', akapiga chafya, tukacheka. Halafu ndio tukasikia 'Kiprugut'. Nikataka kuwaambia. Halafu nikaona uso wako." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Sikuja kumzika. Nilikuacha na jeneza peke yako. Nikasema angalau hii nikupatie. Nikuletee Baba."

Machozi yalinitoka, na yeye hakujua kama ninalia ama ni network.

"Hospitali mmewaandikia nini?" nikauliza mwishowe.

Nne. "Bado. Cheruto alisema tungoje. Alisema Mama ni wa hesabu, atapiga."

Nilicheka. Huyo msichana sijawahi kumpenda ipasavyo, nitaanza. "Andikeni Kiptum," nikasema. "Na mlete hapa Mau Narok akiweza kusafiri, nimwonyeshe sanduku liko wapi."

Kisha nikaenda kwa Senge kwa miguu, kwenye matope, nikamwambia. Nilitarajia vita. Alinikodolea macho, akapiga paja. "Baba! Baba amekuja kwa kompyuta!" Akacheka mpaka machozi. Halafu akawa mpole ghafla, akanishika mkono. "Pole, Chelagat. Najua ulimtaka nani."

Jumamosi, 14 Juni

Mvua imepumzika. Viazi vimetoa maua. Naftaly atakuja Jumanne kuangalia waya, anamleta na mke wake waione plot yao. Nimewaambia watalala hapa kwangu.

Leo asubuhi, nikikoroga uji, nimeita "Kiprugut". Sikuita kwa kulia, nimeita kwa sauti ya kawaida, vile nilivyokuwa nikimwita aje ale. Nikahesabu hadi nne. Kisha nikaendelea kuhesabu.